Kelele Si Nguvu: Hotuba kwa Mafundi na Waendesha Pikipiki

Wenzetu wengi hawakuweza kufika siku ile nilipowahutubia mafundi na waendesha pikipiki, na tangu hapo nimeulizwa mara kwa mara nilisema nini. Haya hapa, yote, kama nilivyoyatamka.

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, dada na kaka mnaoendesha, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana kuna pikipiki pale nje inatusubiri, na nataka tuifikie kabla jua halijazama.

Nianze kwa swali. Wangapi hapa mmewahi kubadilisha ekzosi? Inueni mikono. Naona karibu ukumbi mzima. Msishushe kwanza. Sasa, baada ya kubadilisha, wangapi mlipima mchanganyiko wa mafuta na hewa? Kupima kwa kifaa, si kwa sikio. Naona mikono mitatu imebaki juu. Basi maneno yangu leo ni kwa ajili ya ile mikono iliyoshuka. Kwa miaka mingi wangu ulikuwa mmoja wao, na injini za watu ndizo zilizonifundisha.

Kijana mmoja aliniletea pikipiki ya silinda moja. Alikuwa ameng'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga bomba fupi, pana, lisilo na sailensa ya maana. Akaiwasha, akavuta mafuta, karakana nzima ikatetemeka. Akaniambia, "Fundi, sikiliza mwenyewe, sasa ina nguvu." Nikamuuliza, "Kile kilima unachopanda kila siku, zamani ulikipanda kwa gia ya ngapi?" Akasema ya nne. "Na sasa?" Akanyamaza kidogo. "Sasa nashusha mpaka ya tatu."

Ndugu zangu, nguvu iko wapi hapo? Kelele imeongezeka, kilima hakikubadilika, gia imeshuka. Sikio lilimwambia jambo moja, kilima kikamwambia jingine. Nani kati ya hao wawili tumwamini?

Jambo la kwanza ninalotaka mlibebe ni hili: ekzosi ni sehemu ya injini. Wengi tunaiona kama mkia, kitu kilichoning'inizwa nje ili moshi usitupige usoni. Sivyo. Moshi hautoki kwenye silinda kama maji yanavyotoka bombani, kwa mtiririko mmoja. Unatoka kwa vishindo. Valvu, yaani kile kilango cha silinda, inafunguka, shinikizo linaruka nje kwa ghafla, na ndani ya bomba linazaliwa wimbi. Wimbi hilo husafiri kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa gesi ile ni ya moto sana, kasi yake huzidi mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, mwangwi wake hugeuka na kurudi kwenye injini. Na mwangwi huo hurudi ukiwa mvuto, yaani shinikizo pungufu. Ukifika kwenye valvu kwa wakati wake, unanyonya mabaki ya moshi kutoka kwenye silinda na kuisaidia hewa mpya kuingia. Ukifika kwa wakati usio wake, hausaidii kitu, na pengine unakuta wimbi jingine linalorudisha moshi ndani.

Hebu tuhesabu pamoja. Chukua bomba la mita moja. Kwenda na kurudi ni mita mbili. Kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde, safari hiyo inachukua milisekunde 4. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara moja kila milisekunde 10. Kwa hiyo mwangwi unaporudi, krenki imeshageuka nyuzi 144. Injini ikishuka mpaka mizunguko 3000, mwangwi uleule wa milisekunde 4 unaikuta krenki imegeuka nyuzi 72 tu. Bomba ni lilelile, mwangwi ni uleule, lakini kwa injini ni mambo mawili tofauti kabisa. Ndiyo sababu hakuna bomba linalofaa kila mwendo. Aliyelichora bomba la kiwandani alichagua mwendo fulani wa kuusaidia, na ukilikata unachagua upya, hata kama hukujua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Mtasikia watu wakisema kwamba injini ya mipigo minne inahitaji shinikizo la nyuma, kwamba lazima moshi uzuiwe kidogo ndipo ipate nguvu. Hapana. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa pumzi. Waliosema hivyo waliona jambo la kweli wakalieleza kwa sababu isiyo ya kweli. Waliona kwamba bomba pana mno linaua nguvu ya chini, na hilo ni sahihi. Lakini linaiua kwa sababu gesi inapoteza kasi na mwangwi unakosa wakati wake. Yule kijana wa kilimani alipoteza mwangwi.

Kama mnadhani natia chumvi kuhusu mwangwi, niwape habari ya Walter Kaaden. Huyu alikuwa mhandisi wa kiwanda cha MZ, mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Hakuwa na fedha wala vifaa vya washindani wake. Alichokuwa nacho ni injini ya mipigo miwili, ambayo haina valvu za kufunga mlango wa moshi, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko mpya hutorokea kwenye bomba kabla ya kuungua. Kaaden akapima mawimbi ndani ya bomba, kisha akalipa umbo: linatanuka taratibu, halafu linabanwa tena. Sehemu inayotanuka inarudisha mvuto unaoisafisha silinda. Sehemu inayobanwa inarudisha msukumo unaoukamata ule mchanganyiko mtoro na kuurudisha ndani sekunde chache... naomba radhi, nimekosea, si sekunde, ni sehemu ndogo ya sekunde kabla pistoni haijaufunga mlango. Kufikia mwaka 1961, injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Hizo ni nguvu 200 kwa kila lita moja ya injini, bila kifaa chochote cha kusukuma hewa ndani.

Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea magharibi, akaenda Suzuki na maarifa yale kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, Degner akawa bingwa wa dunia wa daraja la sentimita 50 akiwa na Suzuki. Siri iliyovuka mpaka ule, sehemu yake kubwa, ilikuwa umbo la bati lililokunjwa. Ekzosi, ndugu zangu! Halafu sisi tunaikata kwa msumeno jioni moja na kusema tumeboresha.

Sisemi msibadilishe. Mimi mwenyewe nabadilisha, na napenda kazi hiyo kuliko nyingine yoyote. Ekzosi nzuri inapunguza uzito, inaweza kuongeza nguvu pale unapoitaka, na sauti yake ikiwa ya staha inafurahisha. Ninachosema ni kwamba ukiigusa pumzi ya injini, kuna mtu mwingine lazima aarifiwe. Nani huyo?

Kompyuta ya injini. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Lita moja ya petroli, ili iungue sawasawa, inahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Kwa uzito ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mafuta yakiwa haba kuliko hapo, tunasema mchanganyiko ni mwepesi. Yakizidi, ni mzito. Injini ikivutwa kwa nguvu zote huupenda mchanganyiko mzito kidogo, kama 12.5 hadi 13.2 za hewa kwa 1 ya mafuta. Zamani tulicheza na jeti za kabureta kutafuta namba hizo. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta na injekta, kile kifaa kinachonyunyizia mafuta.

Sasa kompyuta inajuaje? Inasoma krenki iko wapi na inazunguka kwa kasi gani. Inasoma kipepeo cha hewa, kile kibati kinachofungua njia ya hewa ukivuta mafuta, kimefunguka kiasi gani. Inasoma shinikizo kwenye njia ya hewa, joto la hewa, joto la injini. Kisha inaingia kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani, inatafuta mahali mwendo na ufunguzi wa kipepeo vinapokutana, na pale inakuta injekta ifunguke kwa muda gani. Kwenye mizunguko 6000, mipigo yote minne inakamilika ndani ya milisekunde 20, na injekta inapewa sehemu tu ya muda huo.

Je, katika orodha hiyo mmenisikia nikitaja ekzosi? Hamkunisikia, kwa sababu haimo. Pikipiki nyingi hazina hata kifaa cha kupima moja kwa moja hewa inayoingia. Kompyuta inakisia hewa kwa kufuata jedwali, na jedwali liliandikwa injini ikiwa na ekzosi ya kiwandani na filta ya kiwandani. Ukibadilisha vyote viwili, jedwali linaendelea kueleza pikipiki ambayo haipo tena.

Kuna mmoja tu anayenusa mabadiliko: sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Lakini ijueni mipaka yake. Sensa ya kawaida ina wigo finyu. Inatoa umeme mdogo, karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi na karibu 0.9 ukiwa mzito, na kompyuta inaangalia tu umevuka upande gani wa 0.45. Inajibu swali moja: umezidi au umepungua? Haijui umezidi kwa kiasi gani. Na kompyuta huisikiliza sensa hiyo pale tu injini inapokuwa imepata joto na ukiwa unakwenda taratibu. Ukivuta mafuta yote kupanda kilima, haiulizi tena; inarudi kwenye jedwali. Kwa hiyo pikipiki inaweza kwenda vizuri kabisa mjini, kisha ikaungua valvu siku utakayoivuta safari ndefu. Mwenyewe atasema ilikufa ghafla, kumbe ilikuwa inakufa tangu siku ya ekzosi.

Niwaambie kisa kilichoniuma. Nilifunga ekzosi mpya kwenye pikipiki ya mteja, nzuri, saizi sahihi. Baada ya wiki akarudi. Plagi nyeusi tititi, moshi unanuka petroli, mafuta yanaisha kabla ya wakati. Nikasema mchanganyiko ni mzito, nikapunguza mafuta kwenye jedwali. Ikatulia kidogo, kisha ikarudi palepale. Nikapunguza tena. Ikarudi tena. Siku mbili nilipigana na ile kompyuta, nikafika mahali pa kusema imeharibika.

Mzee aliyenifundisha kazi akapita. Hakugusa kompyuta. Akasubiri injini ipoe, akapuliza hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo kupitia mwisho wa ekzosi, akapaka maji ya sabuni pale bomba linapoungana na injini. Mapovu yakatoka yakichemka kama chungu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii gasketi ni mpya?" Alimaanisha kile kizibo kinachokaa kwenye maungio ili moshi usivuje. Haikuwa mpya. Niliirudisha kuukuu.

Mmeelewa kilichotokea? Kati ya kishindo kimoja cha moshi na kingine, shinikizo kwenye bomba hushuka chini ya lile la nje. Tundu dogo kwenye gasketi likawa linavuta hewa. Hewa ile ikapita mbele ya sensa. Sensa ikaona oksijeni nyingi ikasema mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta, kwa utii wake, ikaongeza mafuta. Nikipunguza mimi, inaongeza yenyewe. Sensa haikuwa na kosa, kompyuta haikuwa na kosa. Nilikosea mimi, na nilimrudishia mteja gharama yake yote.

Tangu siku ile sifungui ekzosi bila gasketi mpya mkononi. Na ikiletwa pikipiki inayopiga mishindo ukiachia mkono wa mafuta, siongezi mafuta kabla ya kupaka sabuni kwenye maungio. Mara nyingi ni hewa inayoingia pasipo pake.

Tuje kwenye marekebisho yenyewe. Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kuidanganya sensa ya joto la hewa kwa kuichomekea rezista, yaani kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ili kompyuta idhani hewa ni ya baridi na kuongeza mafuta. Niliwahi kufungua injini iliyoishi hivyo muda mrefu. Oili ilinuka petroli. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi, kwa sababu mafuta yaliyozidi yanaosha oili iliyopaswa kuulinda. Ubaya wa rezista ni kwamba inaongeza kila mahali kwa pamoja. Injini inaweza kuhitaji nyongeza kwenye mizunguko 7000 na isihitaji chochote kwenye 3000. Rezista haijui hilo.

Njia za heshima ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na injekta, kama vile Power Commander, kinachorefusha au kufupisha muda wa injekta kwa kila mwendo. Ya pili ni kuliandika upya jedwali ndani ya kompyuta yenyewe. Ya pili inafika mbali zaidi, maana inagusa hata muda wa cheche, lakini ukikosea nayo unakosea zaidi. Kama ulichobadilisha ni sailensa ya mwisho tu na mengine yote yamebaki, pengine hutahitaji hata moja kati ya hizo. Pima kwanza. Usimuuzie mtu kazi ambayo injini yake haiiombi.

Na kabla ya kupima, kagua afya. Nafasi za valvu, filta ya hewa, plagi, shinikizo la pampu ya mafuta, ambalo kwenye pikipiki nyingi ni karibu baa 3. Ukirekebisha jedwali juu ya pampu iliyochoka, umeandika ugonjwa ndani ya kompyuta. Siku pampu itakapobadilishwa, mafuta yatafurika.

Kisha funga sensa ya wigo mpana. Hii ndiyo inayokwambia namba yenyewe: 13.1, au 14.9, au 12.2. Pima pikipiki ikiwa kama ilivyo kabla hujagusa kitu, uandike. Badilisha kitu kimoja, upime, uandike. Asilimia 2 au 3 kwa mara moja, si 10. Niliwahi kumwona fundi kijana akibadilisha ekzosi, filta na jedwali kwa siku moja, pikipiki ikawa nzito, na hakuna aliyejua ni kipi kati ya vitatu. Ilibidi arudishe vyote na kuanza upya. Alilia, na nilimwelewa. Kama hakuna dainomita, ile mashine ya kupima nguvu ya injini, tumia mteremko uleule wa kupanda, gia ileile, pasipo magari, na mtu wa pili wa kusoma kumbukumbu baadaye. Usisome namba huku unaendesha. Na kamwe, nasema kamwe, usiiache injini ikiunguruma kwenye chumba kilichofungwa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na damu huikumbatia kwa nguvu kuliko inavyoikumbatia oksijeni.

Nimebakiza jambo ambalo wengi hamtalipenda. Ndani ya ekzosi nyingi za kiwandani kuna katalisti, kitu kama sega la nyuki lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Inageuza kaboni monoksidi na sumu nyingine kabla hazijafika kwenye pua ya mtoto anayetembea kando ya barabara. Watu wanaing'oa wakisema inaziba. Nimeona katalisti zilizoziba, kweli. Lakini kila nilipofuatilia chanzo, nilikuta injini iliyokuwa ikimwaga mafuta yasiyoungua. Yanaungulia mle ndani, joto linapanda, sega linayeyuka. Mgonjwa alikuwa injini, tukamkata katalisti. Na katika nchi nyingi kuiondoa kwenye pikipiki ya barabarani ni kosa la kisheria, kwa hiyo mteja aelezwe kabla spana haijashikwa.

Na kelele je? Desibeli hazijumlishwi kama mayai. Zikipanda 3, nguvu ya sauti imeongezeka maradufu. Wataalamu wa afya kazini wanasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100, ni dakika 15. Nani kati yetu anaendesha dakika 15 tu kwa siku? Mimi sikio langu la kushoto linapiga mlio usiku na mchana, ndugu zangu. Hata sasa ninapozungumza nanyi unalia. Hakuna fundi wa kuurekebisha.

Ukipimwa barabarani, katika nchi zinazofuata kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa, maikrofoni huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye mwendo uliowekwa. Pimeni wenyewe kwa utaratibu huohuo kabla ya kumkabidhi mteja. Sailensa yenye kipunguza kelele cha ndani kinachoweza kutolewa, kiacheni mahali pake.

Sasa twendeni nje. Ile pikipiki ina ekzosi mpya na gasketi mpya, na sensa ya wigo mpana imeshafungwa. Jedwali ni la kiwandani, sijaligusa. Nahitaji watu wawili: mmoja wa kuendesha, mmoja wa kuandika namba. Na yule dada uliyekuwa umeinua mkono wa tatu, naomba wewe ndiye uanze na maji ya sabuni.